Kucha za Madame Mapendo

Nyinyi wauguzi mnaochukua kopo langu la dawa sasa, kaeni kidogo kwanza. Ndani mna ampuli za adrenalini, sindano ambazo hazijafunguliwa, pamba, na kadi za watoto. Kila kadi ina kilo za mtoto na kipimo chake, na mwanzoni mwa kila muhula mtawapima upya, kwa sababu watoto hawana adabu, wanakua bila kuomba ruhusa. Ampuli mziweke gizani. Kuna mwenzenu mmoja aliyezipanga dirishani ili zipate hewa, na baada ya wiki chache dawa ikawa rangi ya chai. Ikigeuka rangi, tupeni, hata kama tarehe yake bado. Hayo yote yako kwenye karatasi niliyobandika mlangoni. Ninayotaka kuwaambia leo sikuyaandika popote.

Nilikuwa muuguzi wa shule hapa Nguba mpaka magoti yangu yalipokataa ngazi. Mnaijua shule yetu ilivyokaa mtelemkoni, madarasa ya chini karibu na ziwa, na asubuhi nyingine ukungu unapanda mpaka unasikia watoto wakisoma bila kuliona darasa. Waliniita Maman Shindano, maana kwetu sindano ni shindano. Mzazi mmoja, mfanyabiashara wa Uvira ambaye babu zake walitoka pwani, aliniuliza kwa heshima zote ni shindano gani nililoshinda. Nikamwambia nimewashinda watoto wote wa mwaka wa tatu, na yeye akitaka, akunje mkono wa shati.

Kazi hii ya watoto ambao mwili wao hukataa chakula nilifundishwa na Maman Jeanne, muuguzi mzee aliyenitangulia. Alinifundisha kwa sababu ya kosa. Nilikuwa bado mgeni kazini, siku ya sikukuu ya parokia, watoto walikula sambaza, vile visamaki vya ziwa letu, za kukaanga. Msichana mmoja wa miaka sita akavimba midomo, akaanza kukohoa kikohozi kikavu. Mimi nikafikiri malaria. Nilikuwa natafuta kipimajoto wakati wajomba zake walipomnyanyua mgongoni wakampandisha mlimani kwa mganga anayetapisha watu. Njia nzima alikuwa wima mgongoni. Hakufika. Jioni Maman Jeanne alinikalisha chini akaniambia maneno ambayo nayasikia mpaka leo.

“Usimusimamishe,” alisema. “Mutoto wa namna ile akisimama, damu yote inashuka mu miguu. Umulalishe, miguu yulu, umupige shindano mu paja, kisha njo uanze kufikiri.”

Yaani mlazeni, miguu juu, mchomeni, ndipo mfikiri. Akipumua kwa shida sana, mwacheni akae ameegemea, lakini asisimame, asibebwe wima, asitembezwe kupelekwa chooni. Sindano ni kwenye nyama ya paja upande wa nje, na nguo msiivue, pigeni juu ya nguo. Dakika tano zikipita bila nafuu, ya pili. Hospitali lazima, hata akiamka akacheka, kwa sababu jambo hili lina tabia ya kuondoka na kurudi.

Kwenye mazishi ya msichana yule hakuna aliyetaja samaki. Waliulizana swali moja tu, lile mnalolijua: nani alimtilia? Mjini kwetu mtu hafi bure. Mnazo simu zenu na mnajifanya hamuogopi, lakini nani kati yenu hajakatazwa na mama yake kula kwa watu? Tumelelewa na hofu ya karuho, sumu inayosemekana kukaa chini ya ukucha wa kidole gumba. Anayekupa kikombe anachovya kidole tu, na wewe unaenda kufa polepole nyumbani kwako. Ndiyo maana kwetu anayetoa chakula huonja kwanza. Mwenyeji akikuletea kasiksi, pombe yetu ya ndizi, yeye ndiye anayepiga funda la kwanza, na asipopiga unakiweka kikombe chini, unakumbuka kuwa una safari.

Sasa niwaambie habari za Nsimire.

Alikuwa na miaka minane. Asubuhi moja, katikati ya masomo, alikuja chumbani kwangu peke yake, akakaa kwenye kiti, akaweka mikono juu ya sketi yake ya bluu. Hakuwa analia. Ngozi yake ilikuwa safi, macho safi.

“Maman,” alisema, “iko nakuya.”

Nikamuuliza nini inakuja. Akasema, “Ile kitu,” na akageuza kichwa kidogo kuangalia mlango, na mimi nikajikuta naangalia mlango pia. Hapakuwa na mtu. Nusura nimrudishe darasani. Nilidhani anakwepa mtihani wa hesabu, nikafungua kinywa nimwambie aende, ndipo nilipoona mdomo wa juu umeanza kunenepa. Rafiki yake alikuwa amempa kipande cha biskuti ya karanga. Siku hiyo tulimwahi.

Shikeni hilo. Wapo watoto wanaojua kabla ya ngozi kujua. Hofu inawaingia mwilini kwanza, na watakuambia kwa utulivu kabisa kwamba wanakufa, au kuna mtu nyuma yao, au kitu kinakuja. Msiwabishie. Mtoto mwenye kadi akikuambia hivyo, chukua kopo. Lakini sitawadanganya: miaka yote hiyo, kila mtoto aliposema hivyo, nywele zilinisimama, na kila mara niliangalia mlango.

Baada ya hapo nilimwomba direkta, mkuu wa shule, anipe Jumamosi moja niwafundishe wafanyakazi wote, walimu, mpishi na mlinzi wa geti. Nilivalisha papai bichi kipande cha nguo ya uniformu, likawa paja. Direkta alifumba macho akapiga sindano kwenye meza, na sindano ikapinda. Aliyeshinda wote alikuwa mlinzi, Papa Zihindula, mtu ambaye hakuwahi kushika sindano maishani mwake. Alimwambia papai “pole, mutoto wangu” kisha akachoma bila kutetemeka. Tulicheka sana.

Halafu nikafika kwenye maelezo. Neno la daktari, alerji, walilijua, lakini kwao alerji ni vipele na mafua ya vumbi. Hawakuliogopa hata kidogo. Mpishi alikuwa anasinzia. Nami nilitaka waogope. Nikatafuta neno litakalowaamsha, nikalipata, nikasema kwa sauti:

“Karanga, kwa huyu mutoto, ni sumu.”

Hata mpishi aliinua kichwa. Walitazamana, na mimi nikafurahi kwa ujinga wangu, nikadhani sasa wameelewa. Papa Zihindula aliuliza taratibu kama huko nyumbani kwa Nsimire wanaishi vizuri na majirani. Nikadhani anatania, nikaendelea na papai langu.

Aliyelibeba neno hilo kuliko wote ni Madame Mapendo. Huyu alikuwa mwalimu wa Nsimire, mwanamke kijana wa Nyangezi, mwembamba, mwenye sauti ya chini ambayo watoto walinyamaza ili waisikie. Alimpenda yule mtoto. Tangu Jumamosi ile, kila mapumziko, nilimwona kutoka dirishani kwangu. Nsimire anafungua kopo lake la chakula, chakula ambacho mama yake amekipika mwenyewe bila karanga, na kabla hajala Madame Mapendo anainama, anauma kidogo, anatafuna, anasubiri, anatikisa kichwa kwamba sawa, kisha anamrudishia. Siku ya kwanza nilipoona nikasema moyoni, tazama upendo. Wiki zikapita nikiutazama upendo huo kila siku saa nne, nami nikinywa chai yangu. Mimi, mwenye kopo. Sikushuka ngazi kumwambia kitu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, ukungu ulikuwa haujaondoka. Madame Mapendo alikuwa na njaa, hakula nyumbani. Alinunua karanga za kukaanga nje ya geti, zile zinazofungwa kwenye karatasi ya daftari, na kwa kuwa alikuwa mwangalifu alizila hukohuko nje. Papa Zihindula alimwona akinawa mikono kwa sabuni, mara mbili, mpaka viwiko. Kisha akaingia, Nsimire akafungua kopo lake, ndani mlikuwa na kiazi kitamu cha kuchemsha. Madame akauma. Akatikisa kichwa. Akampa.

Mimi nilisikia kwanza ukimya. Watoto wote wako nje kwenye mapumziko na ghafla hakuna kelele. Nilitoka mlangoni, nikaona wamesimama kwenye ukungu bila kusogea, wakitengeneza njia, na Madame Mapendo anapanda ngazi akikimbia, amembeba mtoto kifuani, wima. Nikapiga kelele amlaze. Akamlaza palepale kwenye saruji. Alipiga magoti upande mmoja, mimi upande mwingine, vichwa vyetu karibu kugusana.

Nsimire alikuwa bado anaongea. “Iko nakuya,” alisema, na safari hii hakuangalia mlango. Alikuwa anamwangalia Madame.

Nilimpiga sindano ya kwanza. Nikainua miguu yake nikaiweka juu ya begi lake. Uso ulivimba mpaka macho yakapotea, sauti ya pumzi ikawa nyembamba, kisha sikuisikia. Nilihesabu dakika tano kwenye saa ya mkononi, na ndizo ndefu kuliko zote nilizowahi kuishi. Sindano ya pili. Mama yake, anayeuza vitambaa barabara ya juu, alikuwa ameshafika kwa kuitwa. Alisimama pale kwenye ngazi, akatazama chini, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

“Huyu ni mutoto ya nani?”

Mwishoni aliviona viatu vya binti yake.

Pumzi ilirudi kidogo kidogo. Niliisikia kwanza, kisha nikaiona kwenye kola ya shati. Midomo ikasogea. Mama yake akapiga magoti, akamuuliza amekula nini, na mtoto akatoa maneno mawili, akiwa kama amelala.

“Madame alionja.”

Angemaanisha nini zaidi ya alichosema? Alikuwa anasema chakula kilikuwa salama, maana Madame alionja kama kila siku. Lakini hapakuwa na aliyelisikia hivyo. Mama alinyanyua macho. Mpishi alinyanyua macho. Chakula kilitoka nyumbani, hakuna mwingine aliyekigusa, mmoja ameonja na ni mzima, mwingine amelala chini. Na sasa nawaambia jambo ambalo padri peke yake ndiye anayelijua. Mimi niliyesomea kazi hii, nikiwa na sindano tupu mkononi, niliangalia kucha za Madame Mapendo.

Zilikuwa kucha za mwalimu, zenye chaki. Niliziangalia kidole kimoja kimoja, nikaanza na gumba. Nilipoinua macho, yeye alikuwa ananitazama nikiangalia. Alivuta mikono yake polepole akaificha chini ya kitenge.

Gari lilipatikana, nikaingia na mtoto na mama yake, tukaenda hospitali. Madame Mapendo nikamwacha pale.

Ni kwenye benchi la hospitali, Nsimire akiwa na mpira wa oksijeni puani, ndipo pua yangu iliponikumbusha. Tulipopiga magoti vichwa vikikaribiana, nilisikia harufu. Karanga za kukaanga, pumzi yote ilikuwa karanga. Nilikuwa nimeisikia wakati ule nikaipita, kwa sababu macho yangu yalikuwa yanatafuta kucha. Alikuwa amenawa mikono kwa ajili ya mtoto, mara mbili. Kinywa hakuna aliyemwambia. Anayetafuta sumu haogopi kinywa cha anayeonja, kinywa hicho ndicho ushahidi wake kwamba chakula ni salama.

Nilimpigia direkta. Mtandao ukakataa, ukakubali, ukakata. Nilipompata, nyuma yake nilisikia watu wengi. Wazazi walikuwa wameshafika getini, maana habari za namna hii hapa kwetu hazisubiri gari. Walitaka kuona kucha zake. Wakaonyeshwa, hazikuwatosha. Wakaleta kile kiazi kilichobaki, wakamwambia akimalize mbele yao. Alikimaliza. Walisubiri, na hakupata kitu. Wakasema, munaona, alitangulia kunywa dawa ya kujikinga.

Nilimwambia direkta aweke simu kwenye sauti ya juu. Nikasema hakuna mutu mubaya mu hii mambo. Nikasema neno sumu lilitoka kinywani mwangu, na nilikosea, hakuna sumu, ni mwili wa mtoto unaokataa karanga, na Madame alikula karanga kisha akauma kiazi kwa kumpenda. Nilirudia mpaka koo likakauka. Direkta aliniambia baadaye kwamba wengine waliondoka, na wengine walisema hata Maman Shindano ameshalishwa kitu. Papa Zihindula ndiye aliyemfungia Madame Mapendo kwenye kibanda chake akakaa mlangoni na fimbo mpaka geti likawa tupu.

Nsimire alirudi shuleni baada ya siku chache. Madame Mapendo hakurudi. Alirudi kwao Nyangezi, akaomba darasa huko, na vitu vyake vya darasani alivifuata ndugu yake. Mimi sikwenda kumuaga. Nilijiambia nina kazi nyingi.

Tangu hapo nabadilisha maneno, nanyi mtayashika hivyo hivyo. Msiseme sumu, hata kwa mzaha, hata mpishi akisinzia. Anzeni kila mafundisho kwa kusema kwamba hakuna mtu mbaya katika jambo hili. Semeni mwili wake unakataa. Kisha semeni wazi: chakula cha mtoto mwenye kadi hakionjwi na mtu. Hakiumwi, hakikatwi kwa kijiko cha mwingine, na aliyekula karanga anaosha mikono na kinywa kabla ya kumkaribia. Mtaona jinsi walimu wanavyokunja uso mkiwaambia wasionje. Ni kama mnawaambia wamtupe mtoto. Vumilieni, rudieni. Nsimire mwenyewe yuko sekondari sasa, anabeba kopo lake mwenyewe la sindano, na akialikwa mahali hula kabla ya kutoka nyumbani.

Mwezi nilioacha kazi nilipanda pikipiki kwenda Nyangezi. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba msamaha njia nzima. Madame Mapendo alinipokea mlangoni, amenenepa kidogo, sauti ni ileile. Aliniuliza juu ya magoti yangu, na juu ya Nsimire, anapenda somo gani. Kisha akaleta bugali na sombe ya majani ya muhogo, akaweka sahani mbele yangu, moja tu, akakaa upande wa pili wa meza na mikono juu ya meza. Kucha alikuwa amezikata mpaka kwenye nyama. Vidole vyote kumi, mahali pengine palikuwa pekundu.

Nikamsubiri aonje. Sikufikiri, ni mwili tu uliosubiri, kama mnavyosubiri nyinyi wote. Hakuonja. Alinitazama. Nilisikia kuku nje, na mkono wangu ukawa hauendi kwenye sahani.

“Kula, Maman,” alisema.

Nilikata tonge, nikachovya, nikala. Sombe ilikuwa na karanga, nikaimeza. Nikakata la pili. Alinitazama mpaka nilipofika katikati ya sahani, na maneno yangu yote ya msamaha yakawa yamebaki kwenye pikipiki. Nikasema tu kwamba siku ile niliziangalia kucha zake na ninaona haya.

“Najua,” alisema. Aligeuza mikono yake juu ya meza akaitazama, upande mmoja, kisha wa pili. “Hata mimi niliziangalia, Maman. Mpaka leo, kila asubuhi, mbele ya kwenda ku masomo, naziangalia.”